Kengele Ambayo Rasoa Hakuisikia

Phanice, funguo nilikukabidhi mwezi uliopita, tano kwenye waya mmoja, na nilikuonyesha ni mlango upi unataka kuinuliwa kidogo ndipo ufunguke. Lakini kazi ile si funguo peke yake. Nimekaa nyumbani wiki nne sasa, naamka saa kumi na moja alfajiri bila sababu yoyote, hadi kuku wananishangaa. Nikaona heri niandike. Soma wewe kwanza, halafu uwape wenzako pale kituoni. Niliacha shule darasa la nne, kwa hivyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe mkisoma. Vyeo sikupata, basi hapo hakuna la kusimulia, na mshahara ulikuwa mshahara.

Nilipoingia mimi, kituo cha walimu kilikuwa chumba kimoja cha chati na chaki, na mashine ya kurudufisha iliyotema wino kila Jumatatu. Aliyenipokea ni Mwalimu Gaudencia Ayuma, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku yangu ya kwanza alinikuta nafagia sakafu kwa bidii. Akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akapitisha kidole juu ya kabati, akakipuliza, na vumbi lote likarudi pale nilipofagia.  Tangu siku ile naanza juu ndipo nishuke. Nawe pia, Phanice, anza juu. Mwalimu Gaudencia alinifundisha mengi ya namna hiyo, kwa kidole zaidi kuliko kwa mdomo, nami namshukuru mpaka leo.

Halafu zikaja kompyuta. Sita, ndani ya maboksi makubwa kama ya friji, na pamoja nazo akaja Wycliffe, kijana mwembamba wa kutoka Khwisero mwenye kalamu nne mfukoni kama daktari. Asubuhi ya kwanza alikuta nimeshazipangusa zote, vizuri kabisa, kwa tambara lenye maji. Sijawahi kuona mtu mweusi akiwa mweupe namna ile. Alikaa chini kwenye boksi, akaniuliza kwa upole kama zimeunganishwa na umeme. Nikamwambia bado. Akasema, "Mungu ni mwema, Kukhu." Kukhu kwetu ni bibi, mama wa mzazi. Kisha akanionyesha brashi laini na kitambaa kikavu. Nami nikachukua mapazia ya zamani, nikazishonea kompyuta vifuniko. Hayo maua ya bluu unayoyaona pale kila jioni ni mapazia ya Mwalimu Gaudencia.

Sasa mnajua programu yetu, ile ya kutengeneza michezo. Wycliffe ndiye aliyeiandika. Alitaka mwalimu wa kawaida, asiyejua lolote la kompyuta, aweze kuwatengenezea watoto mchezo kwa picha tu. Unachukua picha ya kuku, unaiburuta kwa kipanya mpaka uwanjani, unaiambia ikiguswa ikimbie kulia, ikifika kwenye mahindi idonoe, na mtoto ahesabu punje. Hakuna kuandika maneno ya kizungu. Walimu walikuwa wanakuja zamu kwa zamu, kutoka shule za mjini na za mbali, Jumanne mpaka Ijumaa.

Shida ilikuwa moja. Wycliffe akisimama mbele na kuwauliza, "Walimu, mnaionaje? Kuna kinachowasumbua?" wote wanasema, iko sawa kabisa, kazi nzuri sana, asante. Nyinyi mnajua adabu zetu. Ukikaribishwa chakula huwezi kumwambia mpishi chumvi imezidi. Lakini wakitoka nje kwenye chai, pale jikoni kwangu, wakishika kikombe na kipande cha nduma, hapo ndipo chumvi inatajwa. Mwalimu Zablon Lumumba wa darasa la pili aliniambia herufi ni ndogo kama mayai ya chawa. Mwalimu Beatrice Khavere aliweka vifaranga kumi, akalazimika kuburuta kimoja kimoja mara kumi, akasema hata kuku mwenyewe angechoka. Mwalimu Elphas, yule wa kiatu kirefu, alikuwa na picha mbili, moja aliita "Kuku anakimbia kulia" na nyingine "Kuku anakimbia kushoto", lakini ile orodha ya pembeni ilikata majina, ikaandika "Kuku anaki" na "Kuku anaki". Siku nzima alikuwa anabahatisha.

Nikamwambia Wycliffe. Alishtuka sana. "Wamekwambia wewe? Mbona mimi hawaniambii?"

"Wewe umepika," nikamwambia. "Mimi naosha vyombo. Mimi naona kilichobaki kwenye sahani."

Basi akaniletea daftari la kurasa mia, akasema, Kukhu, wakinung'unika andika. Ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote hiyo na haikuandikwa kwenye barua yoyote ya ajira. Kila lalamiko na jina la mwenyewe. Mengine Wycliffe aliyachukua siku ileile. Alitengeneza namna ya kunakili picha, na Mwalimu Beatrice akapata vifaranga hamsini, akafurahi kama amezaa yeye. Mengine aliyakataa. Alikuwa na neno lake moja, "Hiyo ni ndogo." Mtu haoni ni picha ipi amechagua? Ndogo. Kitufe cha kufunga kiko bega kwa bega na cha kuhifadhi? Ndogo. Nilimwambia jiwe kwenye maharagwe pia ni dogo, na ni mimi ninayejua limevunja meno ya nani. Alicheka, lakini kitufe alikisogeza. Huyo ndiye Wycliffe. Kukataa kwake hakudumu, na hilo ni jambo la kumshukuru mtu aliyesoma.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelilalamikia, wala mimi. Ukikosea kitu, au programu ikishindwa kufanya ulichoiambia, ilikuwa inalia kengele. Ting. Kengele tamu, kama ya baiskeli ya posta. Walimu waliipenda. Hata daftarini niliandika, mkono wangu mwenyewe, "Kengele ni nzuri, isitolewe."

Na kuna desturi yetu ya mvua, ambayo lazima niieleze hata kama unaijua, maana huenda barua hii ikasomwa na mtu wa Nairobi. Kwetu asubuhi ni jua. Ikifika saa nane mchana wingu linapanda kutoka upande wa msitu, na kabla ya saa tisa radi imepiga. Mwezi ule wa kwanza radi ilituunguzia kompyuta moja. Ilitoa moshi na harufu ya kwato, zikabaki tano. Ndipo tukaweka sheria. Mimi nikisikia ngurumo ya kwanza, hata ya mbali, nasimama mlangoni na kuita, "Radi! Hifadhini!" Nahesabu mpaka ishirini, kisha nashusha swichi kubwa ukutani. Ishirini, si ishirini na moja. Niliwahi kumzimia afisa mkubwa akiwa bado anatafuta miwani yake. Walimu walinitania kwamba radi na mimi tulizaliwa siku moja.

Sasa nifike kwa Rasoa.

Ni miaka miwili iliyopita. Alikuja na Mwalimu Jerida Nekesa, aliyekuwa na darasa la watoto wasiosikia, watoto kumi na mmoja, katika shule moja ya msingi ng'ambo ya mto. Rasoa alikuwa msaidizi wake. Mwenyewe hasikii. Alizaliwa anasikia, homa ya uti wa mgongo ikamchukulia masikio akiwa na miaka saba. Alimaliza darasa la nane, anasoma na kuandika kunishinda mimi mara mbili, na kwa mikono anaongea mpaka unatamani ujue alichosema. Sauti alikuwa nayo, nzito, ila alikuwa anaificha mbele ya wageni.

Mwalimu Jerida alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka ule. Alinieleza jambo lote jikoni, bila kuzunguka. Rasoa anataka kuachiwa darasa. Mwalimu mkuu amekataa, anasema asiyesikia atafundishaje, na kama hakuna mwalimu mwingine basi darasa lifungwe, watoto warudi makwao au wakae nyuma ya madarasa ya wenzao wakitazama ukuta. Jerida alipiga kelele mpaka ofisi ya elimu ikakubali kumtuma afisa, Bwana Makokha, aje Ijumaa aone mwenyewe kama Rasoa anaweza. Kwa vile kila mtu alikuwa anazungumzia kompyuta, Jerida akasema wacha aone hapo kituoni, Rasoa akiwafundisha watoto kwa mchezo aliotengeneza yeye.

Nao mchezo ulikuwa mzuri. Nimeona michezo mingi pale, kuku wengi sana, lakini huo nilikuwa naacha fagio kuutazama. Rasoa alichora mikono. Mkono unaoonyesha maji, mkono unaoonyesha jembe, mkono unaoonyesha mama. Mtoto anaona mkono, anatafuta kitu chenyewe katikati ya soko lililojaa vitu, anakiburuta mpaka kwenye mkono. Akipatia, mkono unafunguka na kumpungia. Wiki tatu alikuwa anachora, kidole kwa kidole, na kipanya chetu kile kizito. Kila kitu kilikuwa kwenye disketi moja ya bluu aliyoitembeza shingoni ndani ya mfuko wa plastiki.

Jumanne ya wiki ile ya afisa, alikaa tangu asubuhi kuunganisha vipande vyote kuwa mchezo mmoja. Mimi nilikuwa napangusa madirisha. Kila baada ya muda nasikia kompyuta yake, ting. Baadaye tena, ting. Nikahesabu mara sita, na kila mara nilijisemea moyoni, binti anaendelea vizuri, maana wakati ule kengele ile niliijua kwa utamu wake tu.

Saa nane na dakika chache ikanguruma, mbali, upande wa msitu. Nikasimama mlangoni. "Radi! Hifadhini!" Mwalimu Zablon akahifadhi, Beatrice akahifadhi, viti vikavutwa nyuma. Nikahesabu ishirini yangu. Rasoa alikuwa amenipa mgongo, uso karibu na kioo, anamalizia kidole gumba. Siku nyingine Mwalimu Jerida ndiye aliyemgusa bega, lakini saa ile alikuwa nje.

Nikashusha swichi.

Aligeuka. Alinitazama mimi, akatazama ukuta, akatazama mkono wangu ulio bado juu ya swichi. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Lakini nilijipa moyo kwamba amepoteza kidole gumba kimoja tu, yaliyobaki yako kwenye disketi. Mvua ilipokwisha na umeme ukarudishwa, Wycliffe akaweka disketi ile ya bluu. Akaangalia. Akaitoa, akaiweka tena. Hakukuwa na kitu.

Alieleza, nami nitaeleza nilivyoelewa. Disketi ilikuwa imejaa. Rasoa alipobonyeza kuhifadhi, programu ilianza kwa kufuta kazi ya zamani ili kuweka mpya mahali pake. Mpya haikutosha. Kwa hivyo ya zamani imeondoka na mpya haijaingia, kama mtu aliyevunja nyumba kabla ya kupima mbao. Kazi yote ikabaki kwenye kioo tu, na kioo nilikizima mimi.

"Lakini programu ilimwonya," Wycliffe alisema, amekasirika, bado anatikisa disketi. "Hiyo ikijaa inaonyanga."

"Inaonyaje?"

"Inalia kengele."

Tukatazamana. Mwalimu Jerida alikuwa amesimama katikati yetu na alifunika mdomo.

"Ililia mara sita," nikasema. "Mimi niliisikia yote sita."

Wycliffe aliacha kutikisa disketi. Aliketi kwenye kiti cha Rasoa na kukaa hapo kama siku ile ya tambara.

Rasoa alikuwa anatazama midomo yetu, kutoka mmoja hadi mwingine. Akachukua karatasi akaandika, *Nimekosea wapi?* Nilitaka kumjibu mimi. Nikaandika chini yake kwamba si yeye, kulikuwa na kengele. Akasoma. Akaandika tena. *Na radi, uliita?* Nikaandika ndiyo. *Wote walisikia?* Ndiyo. Alikunja ile karatasi polepole mara nne, akaiweka mfukoni, akavaa koti akatoka. Mwalimu Jerida akamfuata mbio kwenye matope.

Sikula siku ile. Mume wangu, marehemu Shadrack, aliniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia kuna mtu nimemzimia darasa.

Jumatano nilifika saa kumi na mbili asubuhi, mapema kuliko kawaida, maana kulala kulikuwa kumenishinda. Nikawakuta mlangoni, Rasoa na Jerida, wamekaa kwenye ngazi, wanatafuna muhogo. Rasoa aliniona akasimama, akanyoosha mkono. Nilidhani ananisalimia. Alitaka funguo. Jerida akanifafanulia. "Amesema mvua hainyeshanga asubuhi. Ukimfungulia saa kumi na mbili, mpaka saa nane ana masaa nane. Leo na kesho, kumi na sita. Mchezo mdogo unatosha." Nikamfungulia. Huo mlango niliuinua haraka siku hiyo mpaka ukatoa mlio.

Wycliffe alikuja saa moja, na macho yake mekundu. Hakunisalimia hata mimi. Alikaa kompyuta ya pili, akaanza kuifungua programu yake kama fundi anayefungua injini. Kufikia saa nne alimwita Rasoa aone. Sasa disketi ikijaa, maneno yanatokea chini kabisa ya kioo, "Disketi imejaa." Alikuwa anajivunia. Rasoa akajaribu, akaendelea kuchora, hakuyaona. Wycliffe akamgusa bega, akamwonyesha kwa kidole. Rasoa akaandika kwenye karatasi, nami nikaisoma juu ya bega lake. *Maneno yako chini. Macho yangu yako kwa picha. Nikifanya kazi siangalii chini, kama wewe usivyonusa ukifanya kazi.*

Wycliffe akaisoma ile karatasi. Nikangoja aseme ni ndogo. Akasema, "Basi aniambie anataka wapi."

Wakakaa pamoja. Rasoa anaandika, kijana anabadilisha, Rasoa anajaribu, anatikisa kichwa, wanaanza tena. Kufikia saa sita ikawa hivi mnavyoiona leo. Programu ikikataa kitu, kingo zote nne za kioo zinakuwa nyekundu, huwezi kukosa kuziona hata ukiwa unachungulia ukucha. Na karibu na jina la mchezo kuna kitone chekundu ambacho hakiondoki mpaka kazi iwe imeingia salama. Na haifuti ya zamani kabla mpya haijatosha. Hiyo ya mwisho Wycliffe aliifanya bila kuambiwa, na bila kuangalia mtu usoni. Ukiulizwa na walimu wapya, Phanice, kwa nini programu yetu inang'aa nyekundu, usiwaambie ni urembo.

Nikadhani wamemaliza. Rasoa akainuka, akaja moja kwa moja kwangu. Akanishika kiwiko, akanipeleka ukutani, si kwenye swichi kubwa, kwenye ile ndogo ya taa. Akazima taa, akawasha. Akazima, akawasha. Kisha akanipiga kidole kifuani, akaelekeza mbinguni. Mwalimu Jerida alianza kutafsiri, nikamwambia nimeelewa. Nami nilikuwa na kengele yangu iliyohitaji kurekebishwa. Tangu mchana ule, kabla ya kuita, taa mara mbili.

Ijumaa afisa alitarajiwa saa tatu. Watoto kumi na mmoja walikuja wameoga, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, wakakaa kwenye mikeka. Saa tatu ikapita. Saa tano nikawapa chai. Saa sita Mwalimu Jerida alikuwa ametembea kutoka mlangoni mpaka barabarani mara nyingi kiasi kwamba njia ilionekana. Mimi nilikuwa natazama upande wa msitu, na sikupenda nilichokiona. Bwana Makokha aliingia saa nane kasorobo, pamoja na mwalimu mkuu, wakitokea chakula cha mchana. Mwalimu mkuu akatazama saa yake akasema hawatakaa sana.

Rasoa akaanza. Mchezo ulikuwa mdogo, mikono sita tu badala ya ishirini na nne. Mtoto wa kwanza, Nafula, akaburuta jembe mpaka kwenye mkono wa jembe, mkono ukampungia. Wa pili, Barasa, akapeleka maji kwa mama, kingo zikawa nyekundu, darasa zima likacheka, akarekebisha. Bwana Makokha akavuta kiti akaomba kujaribu. Alikuwa ameshika kipanya kwa mikono miwili, anatafuta kikapu, ndipo nikasikia. Mbali, lakini ni yenyewe.

Taa mara mbili. Rasoa akainua uso. Akanyoosha mkono mbele ya afisa, bila kumwomba ruhusa, akabonyeza, kitone kikaondoka. Akainua viganja kwa watoto, nao wote wakarudi nyuma mpaka ukuta wa mbali, mbali na madirisha. Nilikuwa sijafika kumi katika kuhesabu. Bwana Makokha bado alikuwa na kipanya mikononi.

"Kuna nini?" akauliza.

"Radi, bwana. Achilia hiyo."

Nikashusha swichi. Chumba kikawa kijivu. Na mara ile mvua ikashuka, si mvua ya kawaida, ya mawe. Mabati ya kile kituo mnayajua. Mwalimu mkuu alikuwa anasema kitu, mdomo unafunguka na kufungwa, hakuna kilichotoka. Jerida alinipigia kelele sikioni, sikusikia hata neno. Nilijua anachofikiria. Afisa amekuja kuona mchezo, mchezo umezimwa, na baada ya mvua atakwenda zake.

Kila shule ya Kakamega mchana ule, mwalimu aliweka chaki mezani akangoja. Ndivyo ilivyo, mabati yakianza, somo limekwisha.

Rasoa hakuweka kitu mezani. Alitoa kadi alizokuwa amechorea ile mikono, akasogea karibu na dirisha penye mwanga kidogo, ila hatua mbili kutoka kwenye kioo. Akaonyesha mkono, watoto wakaonyesha. Akauliza swali, Nafula akajibu. Barasa alijibu vibaya, akaambiwa, akabishana, mikono inaruka, akashindwa, akacheka. Waliendelea hivyo mvua nzima, karibu saa moja. Sisi tuliokuwa tunasikia tulikaa kama magunia. Ni chumba kizima cha watu wenye masikio, na hakuna mmoja aliyeweza kumwambia mwenzake hata "sogea".

Bwana Makokha alianza akiwa amekaa pale kwenye kompyuta iliyozimwa. Baada ya muda aliinuka akaenda kukaa mkekani, mwisho wa mstari, magoti yamepanda mpaka kidevuni. Rasoa akamwonyesha mkono wa maji. Akauonyesha vibaya. Nafula akamshika vidole akavipanga.

Mvua ilipopungua mpaka mtu akasikika, afisa alikuwa wa kwanza kuongea, naye aliongea na mwalimu mkuu.

"Mwalimu, mvua kama hii ikinyesha shuleni kwako, unafanyaje?"

"Tunangojanga, bwana. Hakuna namna."

"Huyu hakungoja."

Mwalimu mkuu akasema lakini ile kompyuta hata hakuimaliza kuiona. Bwana Makokha akasema atarudi kuimaliza, ina kikapu fulani alikuwa karibu kukifikia. Akaandika kwenye faili lake akiwa amesimama, akamrudishia Jerida kalamu. Kwa Rasoa hakujua aage vipi. Mwishowe akamwonyesha mkono wa maji, na safari hii ulikuwa sawa.

Barua ya ofisi ya elimu ilikuja shule zilipofunguliwa. Mwalimu Jerida aliileta kituoni ili tuisome pamoja. Mimi nilikuwa nimefika mstari wa pili na kidole changu wakati Rasoa alishamaliza ukurasa na alikuwa amekaa chini sakafuni, safi kabisa kwa sababu nilikuwa nimeifagia, akilia kwa ile sauti yake nzito bila kuificha. Darasa ni lake. Hata sasa, Jumanne na Alhamisi, ni yeye mnayemwona anakuja na watoto. Sasa wamefika kumi na wanane.

Wycliffe, najua nawe utaisoma hii. Majina ya orodha bado yanakatwa. Elphas amehamia Lugari bila kujua kuku wake yupi anakwenda kushoto. Lakini mengine yote, asante. Ulikuwa kijana wa kusoma ukamsikiliza mama wa fagio, na siku ile ya Jumatano ukamsikiliza asiyesikia, na sidhani wengi wangerudi kukaa kwenye kompyuta baada ya kosa kama lile.

Nimalizie na Jumatatu ile ya kwanza baada ya barua. Rasoa alikuja peke yake, bila watoto, akafunua kompyuta ya mwisho, akatengeneza mchezo mwingine mpaka saa saba. Nilimwuliza kwa karatasi ni wa darasa gani. Akaandika kwamba huu si wa watoto wake, ni wa wanaosikia, wa baba na mama zao na mashangazi zao, wajifunze mikono, kwa sababu watoto wake wakirudi nyumbani hawana wa kuongea naye. Nikasema ni vizuri, nikainama kuchukua ndoo yangu. Akaninyang'anya ndoo. Akavuta kiti, akanikalisha mimi.

Miaka yote ile nilikuwa nimezunguka vile viti kwa fagio, sijawahi kukalia hata kimoja. Kwenye kioo ukatokea mkono. Nikakosea. Nikakosea tena, na mara ya tatu nikakosea vibaya zaidi. Alisimama nyuma yangu, viganja vyake mabegani mwangu, na hakuondoka mpaka nilipopatia.